Hita ya maji Moroto: sola ya mirija, sola ya paneli au umeme? Nisaidieni kabla sijalipa

DadaWaCampJuu:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, mtaa wa Camp Swahili Juu, mwaka jana nimemaliza nyumba ya vyumba vinne na nimemleta mama kukaa na mimi, ana miaka 78, magoti yanamsumbua sana na maji baridi asubuhi hayawezi kabisa. Watu wakisikia Karamoja, eneo letu hili, wanadhani ni joto usiku na mchana, hapana jamani, sisi tuko karibu mita 1,400 na mlima uko hapo mgongoni, miezi ya upepo ile ya Desemba na Januari mchana jua linachoma mpaka mabati yanalia lakini alfajiri maji ya kwenye tangi yanauma vidole. Kwa hiyo kila siku saa kumi na moja naamka nawasha sigiri, nachemsha sufuria mbili kubwa, nachanganya kwenye jerikani, nambebea mama mpaka bafuni, halafu watoto, halafu ndo niende kazini. Makaa yamepanda bei na mgongo wangu umechoka.

Nimeulizia watu watatu na kila mtu ana lake. Muuzaji mmoja wa Kampala pale Nabugabo anasema nichukue sola ya mirija ya kioo lita 300, "mkubwa ndo mzuri". Fundi wa hapa anasema nisisumbuke, niweke shawa ya umeme, siku moja tu amemaliza. Mjomba anasema gesi. Mimi nimekaa usiku naangalia video za Marekani za ile miji ya jangwani iliyo juu milimani, Albuquerque na Santa Fe, nikaona hali yao ni kama yetu, ukavu, vumbi, jua kali, usiku baridi, lakini vitu wanavyofunga ni vingi mpaka nikachanganyikiwa. Tuko watu sita. Kuna mtu amefunga hita mahali pakavu kama huku ikakaa? Na huu mwinuko una maana yoyote kwa hita au ni maneno tu?

FundiBomba_Mbale:
Dada hongera kwa nyumba na ubarikiwe kwa kumtunza mzee. Mimi nafunga mabomba miaka 19 sasa, Mbale, Soroti, na Moroto nimefika mara nyingi. Kabla ya kusema sola au umeme nakuuliza swali ambalo huyo muuzaji hakukuuliza, maji yako yanatoka wapi na kwa wiki yanakatika mara ngapi? Na tangi la maji baridi liko chini au juu, limeinuka mita ngapi? Hapo ndo hita inakufa au inaishi, siyo kwenye jina la kampuni.

Sababu ni hii. Ule mrija wa kioo wa vakyumu umetengenezwa kama chupa ya chai, kuta mbili za kioo na katikati hakuna hewa, na kwa zile sola za bei ya chini maji yenyewe yanakaa ndani ya mrija. Sasa siku maji ya mji yamekatika, mmeoga mpaka tangi la sola limekauka, mirija inabaki mitupu juani, ndani inapanda inapita nyuzi 200. Saa saba mchana maji yanarudi yanaingia baridi kwenye kile kioo. Niliitwa Soroti kwa mama mmoja, mirija 20 ilibaki minane, alisema ilikuwa inapasuka mmoja mmoja kama risasi, watoto wakakimbilia chini ya kitanda. Vioo nilivizoa juu ya bati na ufagio. Sola yenyewe ilikuwa na miezi minne tu. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo kitu haitakiwi kukaa bila maji hata saa moja juani.

Kwa hiyo jibu maswali yangu kwanza halafu tupige hesabu.

Mzaliwa_Kabale:
Dada mimi niko Kabale, sisi tuko juu kuliko nyinyi, karibu mita 2,000, na baridi yetu siyo ya kusimuliwa, kwa hiyo shawa za umeme zimejaa huku. Nitakwambia ukweli wa hiyo "siku moja tu amemaliza". Mimi alinifungia fundi kwa siku moja, kweli. Alichukua waya kutoka kwenye soketi ya chumba cha jirani na bafu, waya mwembamba wa kawaida, akaunga. Wiki ya pili mke wangu anaoga akashika mfereji akapigwa shoti mkono mzima ukafa ganzi, Mungu alimsaidia alikuwa amevaa ndala. Nilipofungua ile soketi plastiki ilikuwa imeyeyuka, imekuwa kahawia, na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, haukuwepo kabisa, alikuwa ameukata akaukunjia ndani.

Ile shawa inakula kilowati 5 na nusu. Kwa volti 240 hiyo ni kama ampea 23 zinapita kwa wakati mmoja. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, wa milimita 6, breka yake, ile swichi ya kukata umeme ukivuja, na ethi iliyochimbiwa chini ikapimwa. Ukifanya hivyo ni salama, mimi nilirudia upya na fundi mwenye kibali na mpaka leo tunaoga. Lakini kuna kitu kingine, shawa ya umeme inachemsha palepale, haina akiba, umeme ukiwa hauko asubuhi mama anarudi kwenye sufuria. Na umeme ukishuka nguvu maji yanatoka vuguvugu tu. Kwa mzee mimi nisingeitegemea peke yake.

Mtoro_wa_Tororo:
Salaam dada. Mimi ni wa Tororo ila naishi Albuquerque huu mwaka wa 11, kwa hiyo hizo video ulizoangalia ni mitaa yangu. Ni kweli hali inafanana, sisi tuko karibu mita 1,600, mvua haba, vumbi, anga safi. Lakini kuna tofauti moja ambayo ndo inaleta ule msururu wa vitu ulioona. Huku kipindi cha baridi usiku maji yanaganda. Yakiganda yanatanuka yanapasua bomba la shaba kama ganda la karanga. Ndo maana sola za huku haziingizi maji ya kuoga kwenye paneli, wanazungusha dawa isiyoganda na pampu, halafu kuna koili ndani ya tangi inayopasha maji ya kuoga, au wanatumia mfumo unaojimwaga wenyewe pampu ikisimama. Pampu, vihisi, kontrola, tangi la kutanukia. Moroto haigandi. Usinunue hata kimoja katika hivyo, ile ya kawaida inayojizungusha yenyewe inakutosha, maji yakipata moto yanakuwa mepesi yanapanda kwenye tangi, ya baridi yanashuka, hakuna umeme wala pampu. Sharti ni moja, tangi likae juu ya paneli, lisiwe sawa nayo wala chini, la sivyo usiku mzunguko unageuka na moto wako unatoka kwenda angani.

Kitu cha pili usikopi ulalo. Huku tuko nyuzi 35 kaskazini mwa ikweta kwa hiyo paneli zimesimama kweli, nyuzi 35 mpaka 45. Wewe uko nyuzi mbili na nusu tu kaskazini, jua linapita utosini. Zile stendi nyingi zinazokuja kwenye makasha zimekatwa kwa ajili ya nchi za mbali.

Kuhusu mwinuko uliouliza. Maji yanachemka mapema kadiri unavyopanda, ni kama nyuzi moja kwa kila mita 300. Kwako yanachemka karibu nyuzi 95, kwangu 94 na kitu. Kwa hita ya umeme iliyosetiwa 60 haibadilishi chochote. Kwa sola ina maana kidogo, mkisafiri wiki nzima kiangazi hakuna anayeoga, tangi linafika kuchemka mapema na linatoa mvuke, kwa hiyo lazima pawe na njia ya mvuke kutoka.

Lakini kwa gesi mwinuko ni jambo kubwa, na hapa nakuomba unisikilize. Huku juu hewa ni nyepesi, oksijeni ni kidogo kwa kila pumzi ya moto. Mafundi wa huku wana kanuni ya zamani, ukizidi mita 600 unapunguza nguvu ya hita ya gesi asilimia 4 kwa kila mita 300 ukihesabu kutoka usawa wa bahari, kwetu inafika karibu asilimia 20, na sindano ya gesi, kile kitundu gesi inapotokea, inabadilishwa. Usipofanya hivyo gesi inazidi hewa, moto unakuwa wa njano, unatoa masizi na ile hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Zile hita ndogo za gesi watu wanazifunga ndani ya bafu, mlango umefungwa, dirisha dogo, mtu anaoga anasinzia haamki. Mwambie mjomba kwa heshima kwamba gesi ikae nje ya nyumba kabisa au isikae. Na dada, hiyo sigiri ya alfajiri unaiwasha wapi? Kama ni ndani kwa sababu ya upepo, tafadhali itoe leo, ni sumu ileile.

DadaWaCampJuu:
Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Kaka wa Tororo, sigiri nilikuwa naiwasha kwenye korido karibu na chumba cha mama, nilidhani inampa na joto. Tangu jana iko nje, nimeweka mabati mawili kuzuia upepo. Mungu akubariki, hiyo sikuijua.

Fundi majibu yako haya. Mfereji wa mji unakuja kama siku tatu kwa wiki, kuna wakati wiki nzima hamna, halafu nanunua kwa watu wa jerikani ambao wanachota kisima cha kuchimba. Nina tangi moja la plastiki lita 1,000, liko chini kabisa juu ya matofali mawili, tunachota kwa ndoo. Bafu lina bomba tayari lakini hakuna presha. Bati la nyumba limewekwa juu ya mbao za inchi mbili kwa nne. Na yale maji ya kisima birika langu linaota gamba jeupe chini, ukilikwaruza linatoka vipande kama ganda la yai.

FundiBomba_Mbale:
Sawa dada sasa naona nyumba yako. Kaa chini tupige hesabu.

Lita 300 ni kubwa mno kwako na itakuumiza. Watu sita, tuseme kila mmoja anaoga na lita 40 za maji ya uvuguvugu wa nyuzi 40, hiyo ni lita 240. Lakini siyo zote zinatoka kwenye hita, maji ya hita yana nyuzi 60 na ya tangi yana kama 22, ukichanganya kupata 40 unahitaji chini kidogo ya nusu ya moto. Ni kama lita 113. Mkioga kwa ndoo ndo inapungua kabisa. Kwa hiyo lita 150 inawatosha na inabaki. Lita 300 maana yake mnalipia maji ambayo hayatumiki na kiangazi yanachemka bure, na maji kwenu ni ya kununua.

Usinunue ile ya mirija. Kwa mtu ambaye maji yanakuja siku tatu mimi siwezi kumfungia hiyo halafu nilale. Chukua ya paneli bapa, ile yenye bati jeusi na mabomba ya shaba ndani na kioo kigumu juu, maji hayagusi kioo, hata ikikaukiwa haipasuki. Ni ghali zaidi, sitakudanganya. Lakini itadumu.

Sasa kitu kikubwa. Pesa yako ya kwanza isiende kwa hita, iende kwa mnara. Jenga mnara pembeni ya nyumba upande wa bafu, nguzo nne za zege au vyuma vya ango, usibebeshe bati. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, na sola ya lita 150 na stendi na maji yake ni zaidi ya kilo 200, mbao za mbili kwa nne zitapinda na siku ya upepo wa Januari utaniita usiku. Mnara uwe na ngazi mbili, juu tangi la maji baridi, chini yake kidogo na mbele yake sola, kitako cha tangi la baridi kiwe juu kuliko kichwa cha tangi la sola. Kila mita moja ya kuinuka inakupa kama sehemu ya kumi ya ba, kile kipimo cha presha, ni ndogo lakini mama anaoga vizuri. Paneli iangalie kusini kwa sababu miezi yenu ya baridi ya alfajiri, Novemba mpaka Februari, ndo jua liko kusini, na tangi kubwa likae kaskazini mwake lisiitie kivuli. Mwezi wa sita jua linahamia kaskazini kwa hiyo acha nafasi kidogo katikati. Ulalo nyuzi 15, usilaze chini ya 10, maji hayatazunguka na vumbi litakaa.

Tangi la chini usilitoe, liache likusanye maji siku yanapokuja, halafu pampu ndogo inapandisha. Bomba la kwenda kwenye sola usilitoboe chini kabisa sawa na la jikoni. La jikoni na choo litoboe sentimita 25 juu yake. Unaelewa sababu? Maji yakiisha jikoni ndo unajua yamekwisha, lakini kwenye sola bado yapo, haikauki.

Mabomba ya moto tumia PPR ile ya maji ya moto, yenye mstari mwekundu. Nimekuta watu wamefunga PVC ya kawaida, inalegea inaninginia kama tambi iliyoiva. Yavalishe sponji na juu ya sponji karatasi ya aluminiamu, jua la kwenu linakula sponji tupu kwa mwaka mmoja. Na kutoka kichwani mwa tangi la moto pandisha bomba la pumzi mpaka juu ya tangi la baridi, liwe wazi, halina koki wala valvu yoyote. Maji lita 150 yakipanda kutoka nyuzi 22 mpaka 60 yanaongezeka lita mbili na kidogo, na hizo lita mbili lazima zipate pa kwenda.

AfandeMstaafu:
Naunga mkono fundi. Mimi naishi Moroto mjini, hapo chini ya hospitali ya rufaa, hita yangu ni ya umeme ya tangi lita 100. Nataka kuongeza mambo mawili kwa binti yetu.

La kwanza valvu ya usalama. Yangu ilikuwa inadondosha matone kila ikipasha, kijana mmoja akaja akaniambia imeharibika, akaiziba na plagi ya chuma. Nilikaa nayo hivyo mwezi mzima. Kuna mwanangu mmoja anasomea uhandisi alikuja likizo akaona, hakumaliza hata salamu, alizima umeme kwanza. Alinieleza kwamba yale matone ndo kazi yake, ile valvu inafunguka presha ikifika ba 10 au joto likifika nyuzi 99, ukiiziba na thamostati, ile inayokata umeme maji yakishapata moto, ikagoma, tangi linakuwa bomu ndani ya nyumba. Kwa hiyo fundi yeyote akitaka kuziba, mtoe nje ya geti.

La pili hilo gamba jeupe. Ni chokaa ya maji ya kisima. Nilipofungua yangu baada ya miaka mitatu koili haikuonekana, ilikuwa imevaa koti la chokaa nene kama kidole, umeme ulikuwa unapasha jiwe kabla ya kupasha maji. Na ule mti wa magnesiamu unaowekwa ndani ili uliwe na kutu badala ya tangi, ulikuwa umebaki waya mtupu. Badilisha huo mti kabla haujaisha, ufungue uangalie kila mwaka, ni rahisi kuliko tangi jipya. Chokaa inapenda moto mkali, usipite nyuzi 60. Lakini pia usishushe 45 kwa kubana umeme, kuna vijidudu vya ugonjwa wa mapafu vinakua kwenye maji ya vuguvugu yaliyokaa. 60 ni sawa.

Mzaliwa_Kabale:
Afande umesema kweli. Ila 60 kwa mzee na watoto, dada weka valvu ya kuchanganya kabla ya bafu. Nyuzi 60 inaunguza ngozi kwa sekunde chache, na mzee ngozi yake ni nyembamba, hawezi kuruka haraka. Isetiwe 40 au 42, afungue tu aoge.

DadaWaCampJuu:
Jamani nimeandika yote kwenye daftari. Nimemwambia yule wa Nabugabo kwamba lita 300 ya mirija sitaki, akaniuliza nani kanidanganya, nikamsomea habari ya mirija 20 akanyamaza. Ana paneli bapa lita 150, ndani ya tangi ina koili ya umeme kilowati 1.5 ya akiba kwa siku za mawingu. Nimeamua naanza na mnara mwezi huu, hita mwezi ujao mshahara ukiingia. Fundi, ile koili ya akiba ikipasha kutoka baridi kabisa inakula umeme kiasi gani? Na zege nisubiri siku ngapi kabla ya kupandisha tangi?

FundiBomba_Mbale:
Kutoka nyuzi 22 mpaka 60 kwa lita 150 ni kama yuniti 6 na nusu, na kwa kilowati 1.5 itachukua saa nne na nusu hivi. Lakini huku kwenu siku ambayo jua halitoki kabisa ni chache, na siku ya mawingu maji yatakuwa tayari na nyuzi 35 au 40, unamalizia tu. Iweke kwenye swichi ya kuzima kwa mkono, isiachwe inawaka yenyewe usiku kucha.

Zege limwagilie maji asubuhi na jioni siku saba za kwanza, huko kwenu linakauka juu haraka ndani bado bichi, lifunike na magunia yaliyolowa. Tangi tupu unaweza kulipandisha baada ya wiki mbili, kulijaza subiri wiki nne. Na kabla ya kumwaga nitumie picha ya nondo za nguzo nizione, hasa pale chini kwenye msingi.

DadaWaCampJuu:
Sawa fundi, nondo zinafungwa Jumamosi, nitapiga picha jioni jua likipoa. Mama amesikia habari za mnara ameanza kuuliza kama mfereji wa moto utakuwa mkono wa kulia au wa kushoto, kwa sababu wa kushoto bega linamuuma. Nimemwambia wa kulia.